Namna ya Kuishi kwa Uandishi wa Vichekesho vya Redio, Runinga na Filamu nchini Uganda

Ukifika katika kituo chochote cha redio mjini Kampala, Arua au Mbarara ukauliza ilipo ofisi ya mwandishi wa vichekesho, mlinzi wa getini atakuelekeza kwa mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, na mtangazaji huyo atakueleza kwa fahari kwamba vichekesho vyote huvitunga mwenyewe akiwa kwenye bodaboda njiani kuja kazini. Hasemi uongo. Nchini kwetu mchekeshaji na mwandishi wake wamekuwa mtu mmoja kwa muda mrefu, tangu kwenye majukwaa ya maigizo ya Kiganda hadi kwenye video fupi za simu, na ndiyo sababu kazi ninayoieleza hapa haionekani katika matangazo ya nafasi za ajira. Lakini mtu anayetunga akiwa njiani huwa na mzaha mzuri Jumatatu, mzaha wa wastani Jumanne, na ikifika Jumatano huurudia ule wa wiki iliyopita kwa sauti ya juu zaidi. Mwandishi huajiriwa Jumatano. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuwa mtu anayepigiwa simu siku hiyo, na namna ya kuianza kazi redioni ukaifikisha kwenye runinga na filamu bila kulala njaa.

Mahali pa kujifunzia

Chuo Kikuu cha Makerere kina idara ya sanaa za maonyesho na filamu, na anayeweza kumudu ada asidharau miaka hiyo, kwa kuwa atatoka akijua kusoma mswada kama fundi anavyosoma ramani. Kwa upande wa filamu, warsha za Maisha Film Lab, zilizoanzishwa na muongozaji Mira Nair mwaka 2004, zimewafunza vijana wengi wa Afrika Mashariki kuandika kwa ajili ya kamera. Mwandishi wa vichekesho anahitaji pia kuketi ukumbini. Jumba la Maonyesho la Taifa mjini Kampala lilifunguliwa mwaka 1959, na mwanzoni mwa karne hii kundi la Theatre Factory la Philip Luswata, na baadaye Fun Factory, yaliwazoesha watu wa Kampala kwenda huko usiku wa Alhamisi kutazama vipande vifupi vya kuchekesha. Anne Kansiime alipitia katika makundi hayo mawili kabla YouTube haijamfikisha kwenye simu za bara zima. Wanaomsifu kwa uso wake husahau shule aliyopitia, yaani kulazimika kuwa na jambo jipya kila wiki mbele ya watu waliolipa kiingilio. Ukipata nafasi ya kuketi katika ukumbi wa namna hiyo, kaa pembeni karibu na ukuta, uwatazame watazamaji kuliko jukwaa, kisha uandike ni neno gani hasa lililowafanya wacheke. Mara nyingi utakuta si lile ambalo mchekeshaji mwenyewe alilitegemea.

Shule ninayoiheshimu kuliko zote, hata hivyo, haitoi cheti. Ni kibanda cha video, kile chumba cha mbao na mabati ambamo VJ hukaa na kipaza sauti akiifasiri filamu ya Kimarekani, ya Kihindi au ya Kichina kwa Kiganda, huku akiongeza utani wake palepale. Isaac Nabwana wa Wakaliga, ambaye filamu zake za mapigano na mzaha zinafahamika ulimwenguni, aliitia sauti ya VJ Emmie ndani ya filamu yenyewe, na watazamaji wa mbali walidhani ni uvumbuzi wa msanii mmoja ilhali sisi tuliukuta tangu utotoni. VJ hufundisha mambo mawili ambayo hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza vizuri: kwamba kimya cha sekunde mbili kinatosha kwa mzaha kamili, na kwamba wakati mwingine kitu cha kuchekesha kuliko vyote ni VJ kunyamaza ghafla wakati jambazi anaingia. Fanya zoezi hili kwa mwezi mzima. Chukua dakika kumi za filamu yoyote, zima sauti, andika ufasiri wako kwa Kiswahili, usome kwa sauti huku picha ikienda, na ukate kila sentensi inayochelewa kumalizika.

Kiswahili chetu na masikio yanayokisikiliza

Anayeandika kwa Kiswahili nchini Uganda anaandikia masikio ya aina nyingi kwa wakati mmoja. Yupo mzee ambaye alikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye kizuizi cha barabarani enzi za Amin, na hadi leo sentensi yenye amri humfanya atafute kitambulisho mfukoni. Yupo mfanyabiashara wa Busia au Malaba anayekitumia kuhesabu fedha, yupo Mnubi wa Bombo anayekichanganya na Kinubi, yupo askari na familia yake kambini, na sasa yupo mwanafunzi anayekisoma kwa ajili ya mtihani, maana Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tofauti hizo ni mali. Mwalimu kijana anayetamka ngeli zote kwa usahihi sokoni Arua, halafu wauza samaki wakaanza kufunga mabanda wakidhani ni ofisa wa kodi, ni mhusika atakayekulisha msimu mzima. Tahadhari yangu ni moja tu: mzaha uwe juu ya hali inayowakutanisha watu hao. Ukimcheka muuza samaki kwa sababu anasema “kitu yangu”, utapata kicheko cha wanafunzi na kuwapoteza wanunuzi wote wa soko, ambao ndio wengi.

Jambo la pili kuhusu lugha ni la kiufundi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa katika neno moja, kwa hiyo unaweza kuficha habari yote hadi mwisho wa sentensi na kuiachia mara moja. Linganisha sentensi hizi. Ya kwanza: “Mwenyekiti alifufuka baada ya kusikia harufu ya pilau siku ya mazishi yake.” Ya pili: “Siku ya mazishi yake, mwenyekiti alisikia harufu ya pilau, akafufuka.” Katika ya kwanza msikilizaji amekwisha kujua habari kabla pilau halijaiva. Katika ya pili ile -ka- inaingia kana kwamba ni jambo la kawaida, na kicheko kinapata mahali pa kukaa kwa sababu hakuna neno linalokifuata. Nimewaona waandishi wenye vipawa wakishindwa kwa kosa hili tu, yaani kuongeza maneno manne baada ya neno lililopaswa kuwa la mwisho.

Anza na redio

Ninashauri redio kwanza kwa sababu haihitaji seti, taa wala usafiri wa waigizaji, na kwa sababu Uganda ina vituo vingi vya lugha nyingi tangu utangazaji ulipofunguliwa kwa watu binafsi mwaka 1993. Kipande cha kipindi cha asubuhi huwa na sekunde 60 hadi 90. Kwa kuwa maneno yetu ni marefu, mimi huhesabu maneno 110 hivi kwa dakika, na mswada unaozidi ukurasa mmoja na robo huurudisha mezani kabla mtayarishaji hajaurudisha yeye. Usiweke sauti zaidi ya tatu, na mbili kati ya hizo zisifanane hata kidogo, maana msikilizaji aliye kwenye taksi la Ntinda hana uso wa kumsaidia kujua ni nani anayesema.

Huu hapa ni mfano kutoka kwenye daftari langu, kuhusu ofisi ambayo kila raia wa Uganda ameisimamia foleni, yaani ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa.

SAUTI: Mlango wa mabati unafunguliwa. Kuku. Redio ndogo inazimwa.

MPANGAJI: Hodi, mzee mwenyekiti. Nimekuja kuomba barua ya utambulisho.

MWENYEKITI: Wewe ni nani?

MPANGAJI: Mimi Okello, mzee. Ninapanga kwako. Jana jioni ulikuja kunidai kodi ya nyumba.

MWENYEKITI: Yule niliyemdai kodi ninamfahamu. Wewe unayeomba barua ndiye nisiyekufahamu.

MPANGAJI: Lakini mzee, ni mtu mmoja!

MWENYEKITI: Basi nenda ukamlete, aje akutambulishe.

SAUTI: Kimya. Noti inakunjuliwa. Muhuri unapigwa mezani, pa!

MWENYEKITI: Okello! Karibu, mwanangu. Ulipotelea wapi?

Katika rasimu ya kwanza mpangaji alikuwa na sentensi moja ya mwisho, akilalamika kwamba siku hizi rushwa ndiyo kitambulisho cha taifa. Niliipenda sana sentensi hiyo, na mtangazaji aliyekuwa anaisoma aliipenda pia, lakini tulipoirekodi kwa simu na kuwasikilizisha watu watatu kwenye kibanda cha rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, wote walicheka kwenye “Karibu, mwanangu” na wakaacha kucheka ilipofika ile hotuba. Tuliikata. Angalia pia kwamba neno “rushwa” sasa halimo kabisa katika mswada, na kwamba kosa la mwenyekiti linasikika kupitia noti na muhuri. Redio ni chombo cha sauti, basi tafuta kitu chenye sauti yake kiwe ndicho kinachobadilisha hali, kwa sababu maelezo yanayosemwa na mhusika hugeuka haraka kuwa mahubiri.

Unapokwenda kituoni, usimtafute meneja. Mtafute mtayarishaji wa kipindi cha asubuhi, ikiwezekana baada ya kipindi kumalizika na kabla hajaanza kikao, ukiwa na miswada mitano iliyopigwa chapa na mitatu kati yake imerekodiwa kwa simu pamoja na marafiki wenye sauti tofauti. Mitano, kwa sababu wiki ya kazi ina siku tano na unataka aone kwamba Jumatano imekwisha kushughulikiwa. Mwambie wazi kwamba mtangazaji atasikika kana kwamba ametunga mwenyewe. Jambo hili huwaudhi vijana wanaotaka majina yao yatajwe kila asubuhi, nami ninawaelewa, lakini mtangazaji anayekuona kama mshindani hatausoma mswada wako vizuri, na mswada uliosomwa vibaya ni wa mwandishi.

Mzaha uleule kwenye runinga

Mwenyekiti wa redio aliishi sekunde 80. Ili aishi kwenye runinga kwa vipindi 13 au 26, hatuwezi kumpa noti na muhuri kila wiki. Anahitaji hamu isiyotimizwa. Mwenyekiti huyu anayekataa kuwatambua watu wake ana ndoto moja, nayo ni kutambuliwa na wakubwa: mbunge aite jina lake mkutanoni, mkuu wa wilaya amsalimie kwa mkono, picha yake itundikwe mahali fulani. Kila kipindi anakaribia, na kila kipindi mtu aliyemnyima barua ndiye anayeketi kwenye mlango anaotaka kuupita. Hiyo ndiyo injini ya mfululizo. Mwandishi asiye na injini huandika vipindi vitatu vya kuchekesha sana na kuanza kuwaoza wahusika katika cha nne.

Nafasi ya nusu saa, ukitoa matangazo ya biashara, hukuachia dakika 22 hadi 24 za hadithi, ambazo hutosha kwa kisa kikubwa kimoja na kidogo kimoja, mradi viwili hivyo vigongane kabla ya mwisho. Mtayarishaji wa Kampala ataanza kuhesabu maeneo na waigizaji kabla hajasoma utani wowote. Mswada wenye ua mmoja, ofisi moja na waigizaji watano wa kudumu una nafasi mara nyingi zaidi ya ule wenye harusi, ajali na umati wa Old Taxi Park. Wanapoita maandiko, iwe ni kituo cha hapa nyumbani au chaneli ya kulipia kama Pearl Magic, huwa wanataka ukurasa mmoja wa muhtasari, maelezo ya wahusika, mawazo mafupi ya vipindi kumi hivi, na mswada kamili wa kipindi kimoja. Weka nguvu zako kwenye huo mswada. Muhtasari husomwa ili wajue kama wafungue mswada, na mswada ndio unaosomwa ili wajue kama unaweza kazi.

Jiandae pia kuandikwa upya. Runinga ni kazi ya watu wengi chumbani, na mzaha wako utabadilishwa na mtu asiyejua ulikesha. Nilishatoka katika kikao kimoja nikiwa nimekasirika kwa sababu mwongozaji alimgeuza mwenyekiti wangu kuwa mwanamke, na ilinichukua wiki mbili kukubali kwamba alikuwa amemwokoa: mama mwenyekiti anayekataa kumtambua mkwewe ana visa ambavyo mzee wangu hakuwa navyo. Kuna mabadiliko ya kupigania, hasa yanayoondoa sababu ya mhusika kutenda analotenda. Mengine yaache yapite.

Kuhusu filamu nitasema machache, kwa kuwa fedha zake ni chache na huja kwa kuchelewa. Ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa kwa utaratibu wa kawaida hukaribia dakika moja kwenye skrini, basi kurasa 90 zinatosha. Programu za bure kama Trelby hupanga kurasa zenyewe. Katika filamu yule mwenyekiti hasemi kitu: kidau cha wino kimekauka, anaupumulia muhuri, foleni nzima inashika pumzi pamoja naye, na muhuri unatua bila kuacha alama. Andika kinachoonekana. Tamasha la Filamu la Uganda, lililoanzishwa na Tume ya Mawasiliano mwaka 2013, ni mahali pazuri pa kukutana na waongozaji wanaotafuta mswada wa gharama ndogo.

Fedha na mikataba

Hakuna mwandishi ninayemfahamu anayeishi kwa vipande vya redio peke yake. Kinacholipa ni matangazo ya biashara, ambayo ni vichekesho vya sekunde 30 vyenye sabuni ndani yake. Michezo ya redio inayogharimiwa na mashirika ya afya na kilimo, ambako utani unatakiwa ubebe ujumbe bila kuteguka mgongo. Na kazi ambayo watu wa nje hawaifikirii, yaani kuwaandikia wasemaji wa kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe, na washereheshaji wa harusi. Msemaji wa upande wa bwana harusi anapokaa kwenye mkeka mbele ya wakwe na kutaniwa saa tatu mfululizo, anahitaji majibu, na familia hulipa taslimu kabla ya sherehe. Nimejifunza mengi kuhusu kujibu kwa haraka kwenye mikeka hiyo kuliko studioni.

Kwa kazi yoyote inayozidi wiki moja, dai mkataba wa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Uonyeshe malipo kwa awamu tatu, mwanzo, rasimu ya kwanza na rasimu ya mwisho. Uonyeshe idadi ya marekebisho ambayo hayalipiwi zaidi, mimi hukubali mawili. Na useme jina lako litaonekana wapi. Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 hulinda maandishi, wala hailindi wazo tupu, kwa hiyo usisimulie mfululizo wako mezani kabla hujauandika na kujitumia nakala kwa barua pepe yenye tarehe. Unaweza kuusajili mswada katika Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB. Sheria hiyohiyo inasema kwamba kazi uliyoiandika ukiwa mwajiriwa, katika kutimiza ajira yako, ni ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Kifungu hicho kiliwahi kunigharimu wahusika wanne niliowalea miaka miwili katika kituo kimoja, kwa sababu nilitia sahihi barua ya ajira bila kuisoma hadi mwisho. Pata namba ya mlipakodi mapema, na usishtuke kampuni inapokata asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1. Dai tu cheti cha makato hayo, kwani utakihitaji unapowasilisha hesabu zako kwa Mamlaka ya Mapato, URA.

Mipaka

Byron Kawadwa, mwandishi na mkurugenzi wa Jumba la Maonyesho la Taifa, aliuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Amin. Zama hizo zimepita, lakini mwandishi wa vichekesho hapaswi kujifanya kwamba hakuna waya uliotandazwa. Mwezi Julai 2020 wachekeshaji wa kundi la Bizonto walikamatwa kwa sababu ya video iliyogusa asili ya kimkoa ya viongozi, na tuhuma ilikuwa ya kuchochea utengano kwa misingi ya dini, kabila au mkoa, kosa lililomo katika Sheria ya Kanuni ya Adhabu. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichokuwa kikitumika dhidi ya mawasiliano yanayodaiwa kuudhi, lakini sheria hiyo ilikuwa imefanyiwa marekebisho mwaka 2022 na ina vifungu vingine. Vituo navyo vinabanwa na viwango vya utangazaji chini ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013, kwa hiyo mtayarishaji atakapokataa mzaha wako kuhusu kabila au dini, kumbuka kwamba leseni iliyo hatarini ni ya kituo. Mimi hujiuliza kabla ya kutuma: je, mzaha huu unahusu anachofanya mtu mwenye mamlaka, au unahusu alikozaliwa? Wa kwanza huutetea hadi mwisho wa kikao.

Siku ya kurushwa hewani

Usisikilize kipande chako ukiwa nyumbani. Nenda kwenye saluni ya kinyozi au kibanda cha chai ambako redio huwa imewashwa, agiza chai, ukae na nakala ya mswada mfukoni bila kumwambia yeyote. Kipande kikipita, tia alama mahali watu walipocheka, mahali waliposema “eh!”, na mahali kinyozi alipoendelea kunyoa bila kusimamisha mashine. Ikiwa hakuna aliyesimamisha mashine, lipia chai yako, urudi nyumbani, na uanze na ukurasa wa Jumatano.